Fundo Alilofunga Kevina

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita asihangaike kuliazima kwa jirani. Yaliyomkuta Mastula yanasimulika kwa maneno machache, ingawa yeye mwenyewe aliyeyabeba hakuyaona machache.

Mastula alikuwa binti wa Tororo, mchumba wa Muniru, dereva wa lori la saruji. Posa ilishapokelewa. Kabla mahari haijafika, uvimbe ukamtokea shingoni, mwingine kwenye kinena. Madaktari wa Nairobi wakamwambia ni kansa ya tezi. Wakamwambia pia kwamba inatibika kwa mionzi, ila mionzi itakayopigwa chini ya kitovu itaua na mayai ya uzazi. Atapona, lakini hatazaa.

Ndipo Daktari Ogwang, wa hospitali ya misheni nje ya Tororo, aliposema ipo njia aliyojifunza ng'ambo. Vifuko vya mayai hukaa pembeni, huku na huku. Atampasua, avisogeze vyote viwili katikati, avishonee nyuma ya mji wa mimba. Nairobi wataweka kipande cha risasi juu ya tumbo mahali hapo, na mionzi haitapita.

"Risasi?" Hadijah, mama yake Mastula, aliruka kitini. "Mwanangu awekewe risasi tumboni? Hizi za barabarani hazijatutosha?"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Hii haiui, Mama. Hii inakinga."

Operesheni ikafanyika. Mastula alipozinduka, Sista Kevina, nesi wa thieta ya upasuaji, alikuwa amemshika mkono. Akamwambia mambo yamekwenda salama. Baadaye ikasikika kwamba Daktari Ogwang amechukuliwa nyumbani kwake na watu wenye bunduki. Alikuwa mtu wa Lango, kabila la rais aliyepinduliwa, na mwaka ule wa sabini na saba, kuwa mtu wa Lango lilikuwa kosa tosha. Sista Kevina naye akatoweka.

Kidonda kilipokauka, Mastula na mama yake wakavuka mpaka, wakafikia kwa baba yake mdogo Sowedi, Busia ya upande wa Kenya, kungoja basi la Nairobi. Asubuhi ile Mastula akaenda sokoni kununua omena, wale dagaa wa ziwani. Akainua macho, akamwona muuzaji. Alikuwa Sista Kevina.

Akamkumbatia kwa furaha. Kevina hakumkumbatia. Alisimama kama mti, mikono inanuka samaki, machozi yanamtiririka.

Hapo ndipo tulipoishia.

"Sista, mbona unalia? Si tumeonana wazima?"

Kevina aliangalia kulia na kushoto. Akamwomba mwenzake wa meza ya pili amshikie biashara, akamvuta Mastula nyuma ya vibanda, kwenye magunia ya samaki wakavu. Akamkalisha.

"Unakwenda Nairobi lini?"

"Kesho. Wananingoja. Picha ya kifua imeonyesha uvimbe mwingine, umekaribia njia ya hewa. Wamesema nisichelewe."

"Na juu ya ile operesheni, umewaambia nini?"

"Nilivyoambiwa na wewe. Kwamba Daktari Ogwang alihamisha vyote viwili, wakinge katikati."

Kevina aliziba mdomo kwa kanga. Mastula akaona mabega yake yakipanda na kushuka.

"Sista?"

"Mastula, mimi nilikudanganya."

Sauti za soko ziliendelea. Mwanamke mmoja alikuwa anagombana na mteja juu ya kipimo cha mtama. Mastula alimsikiliza huyo mwanamke kwanza, kama vile ugomvi ule ndio ulikuwa wake.

"Ulinidanganya nini?"

"Ile siku, wewe ulikuwa umelala na dawa. Egau, yule wa dawa ya usingizi, alikuwa kichwani kwako, anaangalia pumzi. Mimi nilikuwa nampa Daktari vyombo. Tumbo liko wazi. Basi mlango ukafunguka. Wanaume watatu, na viatu vyao vya barabarani, wakaingia thieta. Mmoja akamwambia, 'Ogwang, twende.'"

"Thieta? Si walimchukua nyumbani?"

"Ndivyo tulivyoamriwa kusema. Daktari aliwaambia, 'Niacheni nimalize, ni msichana mdogo.' Wakasema, 'Umemaliza.' Akawaambia, 'Dakika chache tu.' Yule mmoja akamwekea bunduki hapa," Kevina akagusa shingo. "Akavua glavu. Akaniangalia. Wakamtoa na kanzu yake ya kijani, ina damu yako."

Mastula alijishika tumbo. Kovu lilimwasha ghafla kama limepata habari.

"Kwa hiyo hakuhamisha."

"Subiri."

"Hakuhamisha, Sista! Mimi kesho nakwenda kulala chini ya mashine, wanikinge mahali patupu!"

"Subiri, nakuomba. Kifuko cha kulia alikisogeza. Alikifikisha katikati, akapitisha uzi. Uzi ulishapita. Fundo ndilo lilikuwa bado. Cha kushoto hakukigusa, kiko palepale Mungu alipokiweka."

"Na fundo?"

Kevina alitazama vidole vyake. Magamba ya samaki yalikuwa yamemganda kwenye kucha.

"Egau aliniambia, 'Dada, dawa inakwisha, huyu ataamka tumbo wazi. Funga.' Mimi ni nesi, Mastula. Nimeona mafundo mengi, sijawahi kufunga la ndani. Nililifunga mimi. Machozi yamenijaa, naona kama naona maji. Halafu nikakushona juu. Sijui kama lilishika. Kila nikilala, nalifunga tena."

Mastula hakujibu. Msichana huyu hakuwa wa maneno mengi tangu utotoni. Mtaani Tororo walikuwa wakimwita Bubu kwa utani. Lakini siku ile ukimya ule haukuwa wa tabia. Ulikuwa ukimya wa mtu aliyejengewa nyumba, akapewa na ufunguo, akafika akakuta msingi peke yake.

"Kwa nini hukuniambia nilipoamka?"

"Walimwacha mtu wao wodini. Alisema, 'Mgonjwa akiuliza, Daktari alimaliza kazi, akaenda zake nyumbani.' Akauliza na watoto wangu wanasoma wapi. Nikakwambia imekwenda salama. Lile neno nililisema mara moja, limekaa hapa," akajigusa kooni, "halishuki."

Mastula aliokota samaki mkavu aliyedondoka, akamrudisha guniani.

Hatimaye Mastula akasema, "Twende wote Nairobi."

"Siwezi."

"Uwaonyeshe. Mimi nitawaambia nini? Nilikuwa nimelala."

"Sina kipande cha utambulisho, sina karatasi yoyote. Nikikamatwa narudishwa Uganda, na wale wanajua mimi nilikuwepo. Mimi ndiye shahidi, Mastula. Egau tayari hatujui aliko."

Mastula akainuka, akajifunga kanga vizuri. Hakumlaumu. Hilo ndilo lililomchoma Kevina kuliko matusi. Alipokuwa ameshapiga hatua mbili tatu, Kevina akamwita.

"Basi linatoka saa ngapi?"

"Asubuhi, baada ya chai."

"Nilikudanganya mara moja," Kevina alisema. "Nitakuja."

*

Njiani kurudi, Mastula alikuwa na safari mbili kichwani: aseme, asiseme.

Ugonjwa ulipotokea, mama yake Muniru alikubali posa isivunjwe kwa sababu moja tu. Alikwenda mwenyewe kumwona Daktari Ogwang, akamuuliza uso kwa uso, "Huyu atanizalia wajukuu?" Daktari akasema, "Mungu akipenda, nafasi ipo." Kwa neno hilo posa ikasimama. Sasa neno lile lilikuwa limebaki nusu, na nusu yenyewe imening'inia kwenye uzi.

Nyumbani kwa Sowedi, nyuma ya duka lake la vipuri, alimkuta Muniru amefika. Lori alikuwa ameliacha upande wa Uganda. Amemletea machungwa. Hadijah alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele.

"Mke wangu," Muniru alisema, kama alivyozoea kumtania, "mbona uso umekuwa wa matanga?"

Mastula alikaa chini. Akasema yote. Hakuacha kitu: Kevina muuza omena, wanaume watatu, glavu, fundo, na ahadi ya Kevina ya kumsindikiza kesho. Aliongea siku hiyo kuliko alivyoongea mwaka mzima.

Alipomaliza, Hadijah alikuwa bado na punje za mchele kiganjani.

"Kwa hiyo hatujui," Muniru alisema.

"Hatujui."

"Hawawezi kukupasua tena waangalie?"

"Kidonda bado kibichi, na uvimbe wa kifuani hausubiri. Wakinge hicho kimoja na wapige. Fundo likiwa limeshika, limeshika."

"Na likiwa halikushika?"



Muniru alisimama, akazunguka chumba. Hakuwa mtu mbaya, wasomaji, msimhukumu haraka. Mastula alipoanza kuvimba shingo, marafiki walimwambia aachane naye, naye akawajibu kwamba gari halitupwi kwa pancha. Alikuwa mwana pekee wa kiume kwa mama aliyeachika kwa kuzaa mabinti. Hayo aliyanyonya na maziwa.

Akageuka, macho yanang'aa.

"Tuoane leo."

"Leo?"

"Leo hii. Nairobi isubiri. Tuoane, upate mimba, uzae. Ukishazaa nakupeleka mimi mwenyewe, nauza hata lori. Wapige hiyo mionzi yao wanavyotaka. Mtoto mmoja tu, Mastula. Mama yangu hatakuwa na la kusema tena."

Mastula alimgeukia mama yake. Alingoja asikie mchele ukimwagwa, sauti ipande, asikie, "Mwanangu anaumwa, wewe unamtaka mimba?" Alikuwa na hakika. Mama huyu alimbeba mgongoni mpaka Masafu hospitalini alipougua surua, mvua inanyesha.

Hadijah aliendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, bila kuinua uso:

"Shekhe wa msikiti wa hapa ni rafiki yake Sowedi."

*

Mambo ya heri hayachukui muda yakitakiwa. Adhuhuri ilipopita, sebule ilikuwa imetandikwa, shekhe amekaa, Sowedi ameitwa kutoka dukani.

Mastula alikuwa chumba cha nyuma. Wamempaka hina ya haraka haraka, haijakolea. Kati yake na ukumbi kulikuwa na pazia tu, na pazia halizuii maneno.

"Shemeji," ilikuwa sauti ya Sowedi, ya chini, "mimi ndiye walii wake, ndugu yangu hayupo. Lakini huyu mtoto anaumwa. Waganga wa Nairobi wamesema asichelewe. Mimba na ugonjwa huu vitakaa nyumba moja?"

"Watu wanazaa na magonjwa kila siku."

"Nesi huyo wa sokoni anasemaje?"

"Nesi!" Hadijah alitema neno lile. "Nesi aliyenidanganyia mwanangu? Yeye ndiye amemtia kichwani kwamba Nairobi, Nairobi."

"Mastula asipokwenda kutibiwa, Hadijah, unajua mwisho wake."

Kisha Mastula akamsikia mama yake akilia, kilio cha mtu anayejiziba mdomo asisikike.

"Nilizaa watano, Sowedi. Wanne umenisaidia kuwazika wewe mwenyewe. Huyu naye namwona anavyokwisha, nguo zinamvaa. Kama ni wa kwenda, basi aende. Lakini aniachie mtu. Nisibaki na kuta."

Mastula aliangalia hina mikononi mwake.

Aliipenda sana sauti ile. Ndiyo iliyomwamsha alfajiri za maisha yake yote. Na sauti ile ilikuwa imeshamzika. Imeshatoka makaburini, imeshanawa mikono, inauliza ni nini kimebaki.

Pazia likafunguliwa. Sowedi aliingia na mashahidi wawili, majirani, wameinamisha vichwa kwa adabu.

"Mastula binti wa ndugu yangu," alisema kwa sauti ya sherehe, lakini macho yalikuwa yanamwomba msamaha, "Muniru anataka kukuoa kwa mahari mliyopatana. Unanipa uwakala nikuozeshe? Umeridhia?"

Sasa, kila aliyelelewa katika dini anajua: bikira akiulizwa akanyamaza, kunyamaza kwake ni idhini. Ni huruma ya sheria kwa wasichana wenye haya. Mastula alikuwa mwenye haya kuliko wote. Mashahidi walikuwa tayari wameanza kugeuka waende wakaseme, kwa maana nani aliyetegemea asikie sauti ya Bubu?

"Sijaridhia."

Shahidi mmoja alijikwaa kwenye kizingiti.

"Umesemaje, mwanangu?" Sowedi aliuliza, na kama kulikuwa na furaha katika sauti yake aliificha upesi.

"Baba, sijaridhia. Mwambie simkatai. Nataka kuishi kwanza. Muulize: nikirudi kutoka Nairobi nikiwa mzima, fundo limeshika au halikushika, atanioa? Akisema ndiyo, nitaridhia siku hiyo hiyo."

Sowedi akaenda. Mastula alimsikia akilirudia swali lote ukumbini, neno kwa neno, kama mtu anayesoma wosia.

Akatega sikio.

Alisikia shekhe akikohoa. Alisikia kikombe kikiwekwa kwenye sahani. Halafu akasikia viatu vya Muniru vikivaliwa mlangoni, na mlango.

Hadijah hakuingia chumbani kumwona mwanawe jioni ile. Alilala kwa jirani.

*

Asubuhi Sowedi alimsindikiza stendi, akamwekea mzigo juu ya basi, akamnunulia chai. "Mama yako nimemwita, hataki," alisema. "Mwache. Hasira ya mama ni moto wa mabua." Akamwombea dua, akarudi kufungua duka.

Kevina alikuwa ameshafika. Alivaa gauni la maua na kitambaa kichwani, na mikono aliisugua mpaka imekuwa myekundu. Harufu ya samaki ilikuwa bado ipo.

"Nikifika nitamwambia daktari wa Nairobi kila kitu," alisema walipokaa. "Hata akinifokea, sawa. Nitamchorea. Si katikati kabisa, unajua? Uzi ulipita kidogo kulia. Kipande chao cha risasi wakikiweka sawasawa na kitovu, nusu ya kifuko itabaki wazi. Lazima wakisogeze kulia."

"Kulia," Mastula alirudia.

"Kidogo. Kama upana wa vidole viwili."

Kioo kiligongwa. Mastula aliinua uso. Muniru alikuwa chini, macho mekundu ya mtu ambaye hakulala, ameshika sweta.

Akafungua kioo.

"Sikuja kukuzuia," Muniru alisema.

"Umekuja kufanya nini?"

Alilitazama lile sweta kama vile ndilo litakalomjibia.

"Nairobi kuna baridi."

Mastula alilipokea. Lilikuwa sweta lake yeye Muniru, lile la kuendeshea lori, lina harufu ya dizeli na saruji. Alitaka amuulize tena swali la jana. Aliona midomo yake Muniru ikijikusanya, kama mtu anayetafuta kuanzia wapi.

Hakuanza. Mlango wa mbele wa basi ulifunguliwa, askari wawili wakapanda.

Abiria wakaanza kutoa vipande vyao. Askari wale hawakuvitazama. Aliyetangulia alisimama katikati ya basi, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza soda:

"Nani hapa anaitwa Kevina? Nesi wa kutoka Uganda?"

Mastula alihisi mkono wa Kevina ukimwachia.

Hakukuwa na sababu ya kuulizana. Sokoni walimjua kama Mama Omena. Jina lake na kazi yake, upande huu wa mpaka, vilijulikana katika nyumba moja tu.

Kevina alisimama kabla hajafikiwa, asiwaponze wenzake. "Ni mimi."

"Kipande?"

"Sina."

"Shuka. Unarudi kwenu."

"Afande, tafadhali," Mastula alishika mkono wa shati la askari, "huyu ni mgonjwa wangu. Hapana, mimi ndiye mgonjwa, huyu ananisindikiza. Wale wa Uganda watamuua!"

"Kama wewe una karatasi, kaa. Kama huna, shuka na wewe."

Walimpitisha Kevina katikati ya viti. Hakupigana. Lakini alipofika ngazini alishika chuma cha mlango kwa mikono yote miwili, akageuza kichwa, akapaza sauti mpaka stendi nzima ikageuka.

"Mastula! Kulia! Usisahau! Waambie kulia! Vidole viwili, kulia!"

Wakambandua.

Bibi mmoja wa kiti cha nyuma, asiyejua lolote, alimpapasa Mastula bega. "Lia tu, mwanangu," akasema. "Amekwambia ulie, nawe lia."

Nje, Muniru alikuwa ameshawafikia askari. Alimshika mmoja mkono, anasema, "Mwacheni, nisikilizeni, nawaombeni, mwacheni!" Akasukumwa, akaanguka kwenye tope, akainuka, akawafuata tena, huku anauliza kwa sauti iliyopasuka, "Nani amewaleta? Nani amewaambia?"

Kumbe si Muniru aliyewaita. Mastula alilishika sweta kifuani, akajua si yeye. Na baba yake mdogo hawezi.

Kondakta akapiga bati. Injini ikanguruma. Mastula akayatupa macho kule askari walikoliacha gari lao, kando ya ukuta wa ghala la pamba, ambako Kevina alikuwa anapakiwa.

Mwanamke alikuwa amesimama pale, amejitanda kanga mpaka usoni. Stendi nzima ilikuwa inakimbilia kuona kuna nini. Yeye peke yake hakukimbia, wala hakushangaa.

Mastula aliijua ile kanga. Alilala ndani yake mvua ikinyesha, njia ya Masafu.

Akagonga kioo kwa kiganja, akagonga tena, akaita, "Mama!"

Hadijah hakuinua uso. Basi likashika njia ya Bumala, kuelekea Nairobi.